Kidingapopo: Jina la Homa na Ushahidi Wake

Mwaka 1870, kipindupindu kilichoingia Unguja mwishoni mwa 1869 kilipokwisha kupita na kuacha makaburi mapya, watu walishikwa na homa ya namna nyingine. Hii haikuwa homa ya kuua. Ilimkamata mtu ghafla akiwa katika shughuli zake, ikamkaza magoti, vifundo vya miguu, viwiko na vidole, ikamtoa vipele, kisha ikashuka na kumwachia maumivu ya viungo yaliyokwenda na kurudi kwa muda mrefu. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu watu mjini humo na ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, aliuona kuwa ugonjwa wa aina ya pekee. Wazee wa mji waliujua. Walikuwa na jina lake tayari, kidinga pepo, na walikumbuka kwamba uliwahi kupita zamani, kiasi cha nusu karne nyuma. Christie akahesabu akaupata mwaka 1823. Mwaka 1872 makala yake juu ya homa hiyo ilitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza, na kichwani mwake akaliweka jina la Kiswahili kama alivyolisikia.

Kutoka katika makala hiyo, na nyingine aliyoitoa mwaka 1881, ikazaliwa hoja ambayo imesafiri kuliko makala zenyewe: kwamba neno dengue, linalotumiwa leo na madaktari wa dunia nzima, asili yake ni Kiswahili. Kamusi kubwa za Kiingereza zimeipokea hoja hiyo, vitabu vya tiba vinairudia, na Mswahili anayeisikia kwa mara ya kwanza huona fahari. Fahari hiyo ina haki yake. Lakini nadhani imetufanya tulitazame neno letu kwa jicho la mtu wa nje, kana kwamba thamani yake yote ni kuwa babu wa neno la wengine. Dai langu ni kwamba kidingapopo ni ushahidi wa kihistoria unaojitegemea. Ukisomwa kwa makini, unaonyesha kuwa watu wa pwani waliutambua ugonjwa fulani na kuupa jina kabla ya maabara yoyote, kwamba ugonjwa huo yamkini sio ule unaoitwa dengue leo, na kwamba maana ya jina iliyoandikwa katika kamusi za kigeni ni finyu kuliko Kiswahili chenyewe kinavyoruhusu.

Tuanze na umbo la neno. Kiswahili kina desturi ya kale ya kuyaingiza magonjwa katika ngeli ya ki-. Tunasema kifafa, kifaduro, kichocho, kisonono, kichaa, kiharusi, kisunzi, kiungulia, kikohozi. Mara nyingi shina linalofuata hueleza jambo linaloonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, yaani kile ambacho ugonjwa humfanyia mtu. Kipindupindu ni mfano ulio wazi kuliko yote: ndani yake mna kupinda na kupindua, na kurudiwa kwa shina kunaonyesha jambo linalotendeka tena na tena, mgonjwa akijikunja kwa maumivu na tumbo likigeuka bila kupumzika. Jina la namna hii ni utunzi mdogo. Aliyelitunga alimtazama mgonjwa, akachagua ishara moja katika nyingi, akaibana ndani ya silabi chache ambazo jirani angezielewa bila kuelezwa. Kidinga ni la ukoo huo. Christie alielezwa kwamba dinga ni mshiko wa ghafla unaofanana na kukakamaa kwa misuli, na maelezo hayo yanakwenda sambamba na homa aliyoiona, homa iliyomfunga mtu viungo mara moja kama anayekamatwa kwa mikono. Kwa upande huu sioni sababu ya kumtilia shaka.

Shaka yangu iko katika nusu ya pili ya jina. Christie aliandika pepo, akafasiri kuwa ni pepo mbaya, na tangu hapo kamusi za Ulaya zimeshikilia kwamba jina zima maana yake ni mshiko unaoletwa na pepo mchafu. Tafsiri hiyo inawezekana. Pwani ya karne ya 19 ilikuwa na elimu pana ya pepo, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Waswahili iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza kwa urefu pepo, waganga wake na ngoma za kuwapunga. Hata hivyo neno pepo katika Kiswahili halina maana hiyo moja tu. Pepo ni pia wingi wa upepo. Katika mji unaoishi kwa kaskazi na kusi, mji unaojua ni mwezi gani majahazi ya Bombay na Maskati yataingia na mwezi gani yatang'oa nanga, homa inayokuja kwa ghafla na kuenea nyumba hadi nyumba ingeweza kabisa kuitwa homa ya pepo kwa maana ya pepo za baharini. Isitoshe, katika fikra za pwani maana hizi mbili haziko mbali. Mtu akipooza upande mmoja bila sababu inayojulikana, watu husema amepigwa na upepo, na msikilizaji huchagua mwenyewe kama ni hewa au ni kiumbe. Daktari mgeni alitakiwa achague neno moja la Kiingereza, akachagua lile lililokubaliana na alichotarajia kusikia kutoka kwa Waafrika. Simlaumu kwa hilo, lakini chaguo lake halitufungi sisi.

Kuna jambo zaidi. Kamusi za Kiswahili za baadaye haziandiki kidinga pepo, zinaandika kidingapopo. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa dogo la masikio, irabu moja kubadilika, na jambo likaishia hapo. Mimi naona popo anastahili kuangaliwa. Pwani hiyo hiyo inaliita degedege lile tukio la mtoto mwenye homa kali kukakamaa na kutetemeka, na wazazi wengi wamelihusisha na dege, kiumbe arukaye usiku ambaye kivuli chake kikimpitia mtoto humdhuru. Basi ugonjwa wa kukakamaa wenye jina la kiumbe cha usiku si jambo geni. Tena tunacho kitenzi popotoa, yaani kusokota au kutegua, ambacho kinahusu mkono, shingo na mguu, viungo vile vile vilivyoshikwa na homa hii. Sisemi kwamba kidingapopo limetoka katika popotoa. Nasema kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anayelisikia neno hilo husikia popo na popotoa kwa pamoja, na kwamba jina likishapata mwangwi wa namna hiyo hudumu kwa nguvu zake lenyewe. Pepo ilipogeuka popo, kama ndivyo ilivyokuwa, jina halikuharibika. Lilipata picha nyingine iliyofaa vile vile.

Ili kuona jinsi jina hili lilivyo la pekee, inafaa kulilinganisha na majina ambayo watu wengine walizipa homa za namna hii katika zama zile zile. Mwaka 1779 Cairo ilipitiwa na homa ya ghafla yenye maumivu ya viungo, na mwanahistoria Abd al-Rahman al-Jabarti akaiingiza katika historia yake ya Misri kwa jina la mtaani, abu rukab, yaani baba wa magoti. Mwaka huo huo huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, daktari David Bylon alieleza homa ambayo Waholanzi waliiita homa ya vifundo. Huko Puerto Rico jina la Kihispania lenye maana ya mvunja mifupa lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1771, na watu wa Philadelphia waliougua mwaka 1780 walitumia maneno ya maana hiyo hiyo kwa Kiingereza. Benjamin Rush, daktari aliyewatibu na kuchapisha maelezo yake mwaka 1789, amehifadhi jambo moja ambalo kwangu ni kipande cha fasihi kilichojificha katika kitabu cha tiba. Msichana mmoja aliyekuwa akipona, akiwa amelemewa na huzuni ile ambayo homa hii humwachia mtu, alimwambia daktari kwamba ingefaa iitwe homa ya kuvunja moyo badala ya kuvunja mfupa. Kwa neno moja alihamisha ugonjwa kutoka mwilini hadi rohoni, na daktari, kwa sifa yake, akaliandika.

Magoti, vifundo, mifupa, moyo: kila mji ulitaja mahali palipouma. Pwani yetu ilifanya zaidi. Ilitaja namna ya kushikwa, kisha ikataja kinachoshika. Jina lina tendo na mtendaji. Wasomi wa tiba wameliona hilo kuwa ushirikina, lakini mtu anaweza kulisoma kwa njia nyingine: watu wa Unguja waliona kwamba ugonjwa huu ulimjia mtu kutoka nje, kwamba ulisafiri hewani bila kuonekana, na kwamba hakuna aliyeusababisha kwa chakula wala kwa jua. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, majaribio ya madaktari Graham huko Beirut na Bancroft huko Australia yalipoanza kuonyesha kwamba mbu ndiye mchukuzi wa dengue, hapakuwa na kitabu chochote cha Ulaya kilichokuwa na jibu lililo bora kuliko pepo.

Sasa tuje kwenye safari ya neno. Mwaka 1827 homa ya viungo ililipuka katika kisiwa cha St. Thomas, kilichokuwa chini ya Denmark, ikaenea Santa Cruz na visiwa vingine vya Karibi, na mwaka 1828 ikafika Cuba na pwani ya kusini ya Marekani. Daktari Stedman, aliyeandika juu yake mwaka 1828, alieleza jinsi mtu alivyoweza kuanza kwa kukakamaa kidole kimoja tu, maumivu yakapanda mkono hadi begani, na katika saa chache akashindwa kukunja vidole. Watu wa visiwa vya Kiingereza waliiita homa ya "dandy", neno lililomaanisha mtanashati anayetembea amenyooka na kola imembana shingo, kwa sababu aliyeugua alitembea vivyo hivyo, hawezi kugeuza shingo wala kukunja goti. Cuba walisema dunga, kisha dengue. Neno hilo la mwisho ndilo lililoshinda, na mwaka 1869 chuo cha madaktari cha London kikalikubali kuwa jina rasmi. Christie alipoyaweka maneno haya kando ya kidinga lake, aliona njia iliyonyooka: watumwa kutoka Afrika Mashariki waliufikisha ugonjwa pamoja na jina, Wahispania wakalitamka kwa lafudhi yao, Waingereza wakalibadilisha kuwa neno walilolijua.

Wanaoikataa hoja hiyo wana sababu nzito, na si haki kuzipita. Neno dengue lilikuwapo katika Kihispania kabla ya 1827, likiwa na maana ya madaha, maringo, tabia ya mtu anayejifanya kukataa kile anachokitaka. Zaidi ya hapo, barua ya malkia María Luisa wa Hispania ya mwaka 1801 inalitumia neno hilo kwa mafua yaliyokuwa yameenea wakati huo. Ikiwa Wahispania walikuwa nalo jina dengue kwa ajili ya ugonjwa wa kuenea miaka 26 kabla ya St. Thomas, kuna haja gani ya kulitafuta Unguja? Pingamizi la pili ni la kijiografia. Watumwa wengi waliopelekwa Karibi walitoka Afrika Magharibi na Kongo, na mkataba ambao Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alitiana na Moresby, nahodha wa Kiingereza, mwaka 1822 ulikataza kuuza watumwa kwa Wakristo. Anayesoma haraka atasema njia ya Christie imefungwa pande zote mbili.

Lakini haijafungwa. Mkataba wa Moresby ulikuwa wa karatasi kwa muda mrefu, na zaidi ya hayo haukuhusu bandari za Wareno upande wa kusini. Miaka ya 1820 ndiyo hasa miaka ambayo biashara ya watumwa ya Atlantiki, ikibanwa na manowari za Waingereza kaskazini ya ikweta, ilihamia kusini na mashariki. Meli zilipakia watu kisiwani Msumbiji, Quelimane na Ibo, nyingi zikielekea Brazil na nyingine Cuba. Huko Cuba jamii ya watumwa iliyoitwa Macuá ilijulikana vizuri, na hao ni Wamakua, majirani wa Wamakonde, watu wa nyuma ya pwani ile ile ambayo Waswahili waliifanyia biashara. Meli ya watumwa ilibeba maji katika mapipa kwa safari ya miezi. Mbu aina ya Aedes aegypti hutaga katika maji masafi yaliyotulia ndani ya chombo, na watu waliobanwa pamoja chini ya sitaha walikuwa chakula chake. Kwa hiyo ugonjwa ungeweza kusafiri kutoka mtu hadi mtu mpaka ng'ambo. Kuhusu Kihispania, kuwapo kwa neno kabla hakukanushi kuingia kwa jingine linalofanana nalo. Lugha ndivyo zinavyofanya: neno geni likifika mlangoni na kumkuta ndugu anayefanana naye, huvaa nguo za ndugu huyo. Waingereza walifanya hivyo hivyo kwa "dandy" mbele ya macho ya Stedman na wenzake, na hakuna anayedai kwamba homa ilizuliwa na watanashati wa London.

Nikipima pande zote mbili, naona kwamba njia ya Christie inapitika, na kwamba Kihispania kilichangia umbo la mwisho la neno kwa kiasi kisichopungua mchango wowote wa Afrika. Anayesema dengue ni Kiswahili, basi, amezidisha, na anayesema Kiswahili hakihusiki kabisa amepuuza dunga ya Cuba, Wamakua wa Cuba, na wazee wa Unguja walioikumbuka homa hiyo kuwa ilipita miaka minne tu kabla ya ile ya St. Thomas.

Hata hivyo, swali lililo zito zaidi kwangu ni lile ambalo wapenzi wa etimolojia huliruka: kidinga pepo ya 1823 na 1870 ilikuwa ugonjwa gani? Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alichapisha makala iliyouliza kama historia imechanganya magonjwa mawili. Dengue, kwa maana ya leo, ni homa ya virusi ambavyo kwa mara ya kwanza vilitengwa Japani mwaka 1943. Huleta homa kali, maumivu nyuma ya macho, maumivu ya misuli na mgongo, na katika hali mbaya damu hutoka na mgonjwa anaweza kufa. Maumivu yake huisha pamoja na homa au muda mfupi baadaye. Maelezo ya Christie, kama yale ya Stedman na ya Cairo, yanasema habari nyingine: viungo hasa, magoti na vifundo na vidole, maumivu yanayorudi majuma baada ya homa kwisha, vifo vichache mno, na mji mzima kuangushwa kwa muda mfupi. Picha hiyo ni ya chikungunya, homa nyingine ya virusi. Carey alifikia uamuzi huo, na wataalamu wengine waliomfuata wameuunga mkono. Homa ya Philadelphia ya 1780, yenye maumivu ya mwili na majonzi, ndiyo inayofanana zaidi na dengue yenyewe.

Na chikungunya ilipataje jina? Mwaka 1952 na 1953 homa ya viungo iliwaangusha watu wa uwanda wa Makonde, katika eneo la Newala, kusini mwa Tanganyika. Uwanda ule hauna mito wala chemchemi juu yake. Akina mama waliteremka miteremko mirefu kufuata maji, wakapanda nayo kichwani, na maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi: yalikaa ndani ya mitungi nyumbani siku baada ya siku, na mbu wakazaliana humo, hatua chache kutoka kitandani. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, walioiandika homa hiyo mwaka 1955, waliona inafanana sana na dengue, na virusi vyake vilipotengwa kutoka katika damu ya wagonjwa wa huko vikaonekana kuwa ni vingine kabisa. Jina walilichukua kwa wenyeji. Vitabu vingi vya kigeni vimesema ni neno la Kiswahili, na hilo ni kosa linalowanyima Wamakonde haki yao. Ni Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kupindika. Tazama lakini kiambishi chake: chi- ya Kimakonde ndiyo ki- ya Kiswahili, ngeli ile ile ya magonjwa. Chikungunya na kidinga yamefumwa katika kitanzi kimoja, na watu waliokuwa wakitazama kitu kimoja: mwili uliokamatwa na kukunjwa.

Ikiwa Carey yuko sahihi, nami naamini yuko sahihi, basi mambo yalikwenda hivi. Watu wa pwani waliiita chikungunya kidinga pepo. Jina hilo, au kivuli chake, likachangia neno dengue ng'ambo ya Atlantiki, ambalo mwanzoni nalo lilimaanisha ugonjwa ule ule wa viungo. Baadaye sayansi ikalifunga neno dengue kwenye virusi vingine. Kisha ugonjwa wa kwanza, ukiwa umepoteza jina lake, ukapewa jipya mwaka 1952 kwa lugha ya majirani, siku chache za mwendo kutoka pwani iliyolitunga lile la kwanza.

Mtu anaweza kusema kwamba kutambua ugonjwa kwa maelezo ya karne ya 19 ni kubahatisha, kwa kuwa hakuna damu ya 1870 ya kupimwa. Ni kweli hakuna damu, lakini zipo njia. Homa ya 1870 ilitoka Unguja ikafuata majahazi na meli hadi Aden, Uarabuni na India, ambako miji mikubwa iliugua kati ya 1871 na 1873. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, wakati wa ukame ambao watu walihifadhi maji katika vyombo bila kuvibadilisha mara kwa mara, na uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ikafika Komoro mwaka 2005, Réunion mwaka 2005 na 2006, na India. Njia ni ile ile, kasi ya kuangusha mji mzima ni ile ile, na viungo vilivyouma ni vile vile. Lamu ya 2004 ndiyo maelezo bora tuliyonayo ya Unguja ya 1870.

Linabaki suala la maisha ya jina katika maandishi yetu. Kiswahili kina tabia ya kuyaazima majina ya homa na kuyapeleka mbali na kitanda cha mgonjwa. Homa yenyewe, neno la Kiarabu, imekuwa ya mapenzi, ya uchaguzi na ya pambano la mpira. Mkunguru, homa ya zamani iliyompata mgeni aliyehamia mahali asipopazoea, limepata maisha ya pili: mtu aliyeshindwa kuzoea kazi mpya au mji mpya husemwa amepatwa na mkunguru, na msikilizaji haihitaji kamusi. Kidingapopo halikupata bahati hiyo, na sababu yake iko katika ugonjwa wenyewe. Mkunguru ulimpata kila msafiri, kila mwaka. Kidinga pepo lilikuja likaondoka, likakaa karibu miaka 50 bila kuonekana, likarudi. Jina linalosubiri kwa muda huo hubaki kwa wazee peke yao, halishuki hadi kwenye mazungumzo ya watoto wala kwenye mafumbo ya watunzi. Washairi wa mapenzi, ambao hawajaacha ugonjwa wowote wa kumfananishia apendaye, wameliacha hili, ingawa lina kila wanachokitafuta: linamkamata mtu ghafla, linamfunga viungo, haliui, na likishaondoka linarudi usiku kumkumbusha.

Dar es Salaam ilipopata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, neno kidingapopo lilitolewa kamusini na kutumiwa kuwa tafsiri ya dengue. Nafurahi kwamba lilikumbukwa, na sioni faida ya kuwakataza watu kulitumia hivyo, kwa kuwa neno ni la wanaolisema. Lakini mtu anayeambiwa kwamba kidingapopo ni dengue na basi, anapokea nusu ya habari, na daktari kijana anayesoma Christie kwa imani hiyo atamsoma vibaya.

Kwa hiyo naomba wahariri wa kamusi zetu walipe neno kidingapopo kidahizo kinacholistahili: umbo la kwanza lililoandikwa, kidinga pepo, mwaka 1872, maana ya zamani, homa ya ghafla ya viungo iliyopita Unguja 1823 na 1870, yaelekea chikungunya, maana ya sasa, dengue. Na msomaji aliye Lamu, Pemba, Mtwara au Ngazija, ambaye kwao bado yupo mzee anayelitaja jina hili au anayeiita homa hiyo kwa jina jingine, aliandike kabla halijapotea: neno lenyewe, mahali linaposemwa, na kiungo gani kilianza kuuma.